Cheti chenye jina la wifi

Siku Minza alipoanguka kiharusi, alikuwa amesimama uani akimtukana mkwe wake. Neno lilimkatikia mdomoni. Apolonia alikuwa ameinamia beseni la nguo, akingoja tusi limalizike kama alivyozoea, na lilipochelewa akainua macho. Akamwona mama mkwe mdomo umepinda upande mmoja, jicho moja limelegea, mkono umening'inia kama tawi lililovunjika. Kisha mwanamke yule mnene akaporomoka chini, akaangukia mahindi yaliyoanikwa.

Tusi lenyewe Apolonia alilijua mpaka mwisho. Alikuwa amelisikia tangu alipoolewa kwa mahari ya ng'ombe waliopelekwa kwao Kiloleli: "Ng'ombe wa mwanangu walikwenda Kiloleli, na Kiloleli haijarudisha hata ndama." Maana mimba zake zilikuwa zimetoka, isipokuwa moja iliyofika mwisho, nayo ikaleta mtoto aliyelia asubuhi moja tu.

Nyumba yao iko Somanda, mjini Bariadi, si mbali na hospitali. Kwa hiyo bodaboda ilimfikisha Minza upesi, daktari akamwahi, na uhai wake ukabaki. Lakini aliporudishwa nyumbani upande mzima wa kulia ulikuwa umekufa, na sauti haikuwapo. Mumewe Apolonia, Bujiku, mnunuzi wa ng'ombe anayezunguka minada ya Itilima na Meatu, alimwangalia mama yake akilazwa kitandani, akafuta machozi kwa kiganja, akamgeukia mkewe.

"Wewe ndiye unayeshinda nyumbani," alisema. "Kazi ni yako."

Alikuwapo mwingine aliyeshinda nyumbani. Goodness, mdogo wake Bujiku, binti wa kuzaa wa Minza, alikuwa na stashahada ya maendeleo ya jamii na hana ajira. Alikuwa akituma maombi ya kazi huku na kule, akirudi chumbani kulala na simu kifuani. Alimpenda mama yake, hilo hakuna anayeweza kulikana. Alilia kuliko wote. Lakini harufu ya shuka za mgonjwa ilimshinda, akawa anamsalimia mama kwa Kisukuma kutoka mlangoni, kitambaa puani: "Mwangaluka, mayu," kisha anaondoka.

Wiki za mwanzo Apolonia alifanya alivyojua. Alimlisha, akamwogesha, akamwacha alale chali kama alivyopenda. Kidonda kikaota mgongoni, kikachimba. Bujiku alipokiona alipandisha sauti majirani wakasikia. "Unamuozesha mama yangu akiwa hai?"

Siku hiyo ndipo Goodness alipokuja jikoni na simu.

"Wifi, hebu ona. Kuna kozi hapa ya kuwahudumia watu waliopooza. Chuo kikubwa cha Ulaya, na ni bure kabisa. Siku hizi vyuo vya dunia nzima vinafundisha hivi mtandaoni, tangu ile korona. Mimi naona kinyaa, siwezi. Nikufungulie wewe usome?"

"Kwa Kiingereza?"

"Simu inatafsiri. Nitakupa ile yangu ya zamani, iliyopasuka kioo."

Apolonia alikuwa ameishia kidato cha pili. Aliondolewa shule kwa sababu ya mimba, ile ya kwanza kabisa, na tangu hapo hakuna mtu aliyemwambia neno soma. Hakuwa na barua pepe. Goodness akatumia ya kwake, akajaza jina lake mwenyewe, Goodness Mayala, kwa kuwa ndilo lililokuja upesi kidoleni. "Jina si kitu," alisema. "Tutabadilisha baadaye."

Ndivyo Apolonia alivyoingia chuo.

Mwanzo ulikuwa wa mateso. Tafsiri ya simu ilikuwa ya kukurupuka. Neno la Kiingereza la mgonjwa ni lilelile la mtu mwenye subira, na simu ikachagua subira: "Mgeuze mvumilivu alale ubavu. Usimvute mvumilivu kwa mkono uliolegea." Apolonia alisoma, akamtazama mama mkwe aliyekuwa akimkodolea jicho zima kwa chuki, akajiuliza mvumilivu anayesemwa hapo ni nani kati yao wawili. Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa alicheka peke yake, kicheko cha kwanza ndani ya chumba kile kwa miezi mingi.

Kupakua video nyumbani kulimaliza bando kabla mwalimu hajamaliza kusalimia. Kwa hiyo mchana, Minza akilala, Apolonia alikwenda kwa Anatoli, fundi simu mwenye kibanda barabara ya hospitali. Anatoli alikuwa na intaneti isiyo na kikomo na roho nyepesi. Alimwachia apakue masomo ya wiki nzima akiwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Dada Apolonia, utakuja kunidunga sindano wewe," alimtania.

"Nitakudunga ya mdomo, upunguze maneno."

Kulikuwa na ukumbi wa mtandaoni ambamo wanafunzi waliandikiana. Apolonia aliona majina ya nchi alizozisikia redioni tu. Mama mmoja wa Ufilipino alikuwa akimuuguza baba yake, kijana mmoja wa Brazili akimuuguza dada. Mwanzoni walikuwa wengi kiasi kwamba wangeujaza uwanja wa mpira wa Bariadi, wengine wakabaki nje. Wiki zilipopita wakapungua. Kijana wa Brazili akasema amepata kazi. Wengine hawakuaga. Mwalimu mwenyewe aliandika kwamba ndivyo ilivyo kwenye kozi za bure, wanaoingia ni umati na wanaotoka na kitu ni wachache, maana mtu akishindwa hakuna anayemuuliza, na kilichopatikana bure huachwa bure. Mwishoni waliobaki wangeenea kwenye kanisa moja dogo, na viti vingebaki.

Apolonia hakuacha. Wengine somo lao lilikuwa kwenye kioo cha simu. La kwake lilikuwa limelala kitandani, linakojoa, linasubiri kugeuzwa. Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Kila alipomaliza mtihani mdogo, simu iliandika: Umefaulu. Alikuwa akiisoma ile mara mbili tatu kabla ya kufunga.

Asidhani mtu kwamba aliyafanya yale kwa upendo. Minza alipigana naye kwa mkono mmoja uliobaki mzima. Alimfinya, alimchana kwa kucha, mara moja alimtemea uji usoni. Apolonia alijipangusa, akasoma ukurasa, akaendelea. Alimgeuza ubavu huu na ubavu ule mpaka kidonda kikafunga. Alimkunja goti na kulinyoosha, akamfungua vidole kimoja kimoja. Alimketisha, akamsimamisha akiegemea ukuta, yeye mwenyewe amempigia magoti mbele kuzuia lile goti bovu lisipinde. Na kwa ajili ya sauti, kozi ilisema mtu aliyepoteza maneno mara nyingine huweza kuyafikia kupitia wimbo alioujua zamani. Minza ujana wake alikuwa akiimbisha wakati wa kupalilia pamba. Apolonia akawa anamwimbia nyimbo zile za Kisukuma, akimpigia mdundo mkononi, polepole, anaacha neno la mwisho likiwa tupu ili mwenyewe alijaze.

Siku moja Minza akalijaza. Lilikuwa neno "jembe", limetoka kama jiwe linalong'olewa, lakini lilikuwa neno. Apolonia alitoka nje akashika nguzo ya jiko.

Goodness naye alianza kuja. Alisimama mlangoni bila kitambaa, akitazama. "Wifi, nionyeshe hiyo ya bega unafanyaje," alisema. Apolonia akamwonyesha. Alifurahi kuulizwa. Alimfundisha yote kwa mfuatano, jioni kwa jioni, kama alivyofundishwa.

Kozi ilipokwisha, simu ilisema masomo ni bure lakini cheti kinalipiwa, na asiye na uwezo aandike maombi asamehewe. Kiingereza cha Apolonia hakikufika huko. Goodness ndiye aliyeandika. Aliandika habari za mtu aliyefukuzwa shule kwa mimba, akazika watoto, akamuuguza mama aliyepooza huku akisomea kwenye simu iliyopasuka. Aliandika vizuri mno. Msamaha ukaja, na pamoja nao sharti la kuonyesha uso na kitambulisho chenye jina lililoandikishwa.

Goodness alipeleka uso wake mbele ya simu, akatabasamu, ikapiga picha.

"Lakini wifi," Apolonia alisema, "ulisema tutabadilisha jina."

"Mfumo umekataa, nimejaribu. Sasa tukiacha kipotee? Ni karatasi tu hiyo. Elimu si iko kichwani mwako? Nani atakuibia?"

Apolonia alikwenda kuinjika ugali.

Jumapili moja baada ya mavuno Bujiku aliwaita ndugu waje kumwona mama. Alichinja mbuzi. Minza alivikwa kitenge kipya, akatembea kutoka chumbani hadi uani kwa fimbo, mguu ukiburura kidogo, wanawake wakipiga vigelegele. Akakaa kwenye kiti. Mzee mmoja wa ukoo akamwinamia akamuuliza, "Ni nani amekutendea haya, dada yetu?"

Apolonia alikuwa amesimama na birika la kunawisha. Hakutaka kutajwa kwa sifa kubwa. Alitaka kutajwa tu.

Minza alikusanya maneno yake. Ilikuwa sentensi ndefu ya kwanza tangu aanguke, na kila mtu alinyamaza kumngojea.

"Mwanangu," alisema. "Goodness. Amesoma. Ana cheti." Akapumua. Kisha akainua mkono mzima akamwelekezea mkwe wake. "Huyu... alikuwa... ananivuta. Kama ng'ombe mgonjwa."

Watu walicheka, si kwa ubaya, kwa furaha ya kuona ukali wake umerudi. Bujiku alicheka mpaka akakohoa. Apolonia alimtazama Goodness, akangoja. Goodness alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayeona haya kusifiwa. Apolonia akamimina maji kwenye mikono ya mzee wa ukoo, na maji yakamwagika kandokando, mzee akamwambia, "Taratibu, mwanangu."

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Mradi mmoja ulikuwa ukitafuta mtu wa kuwafundisha akina mama wa Maswa namna ya kuuguza waliopooza nyumbani. Goodness akapeleka cheti na picha mbili za mama yake, moja kitandani na nyingine na fimbo. Akapata kazi, akahamia Nyalikungu, mjini Maswa. Alipokuja likizo aliwaletea sukari na mafuta, akamletea Apolonia kanga. Kanga ilikuwa nzuri. Apolonia aliivaa, maana hakuwa na nyingine mpya.

Darasa la kwanza la mradi lilipokaribia, Goodness alimpigia kaka yake amwombe mkewe aende kusaidia kupika. Apolonia akaenda Nyalikungu, akachemsha chai, akakaanga maandazi. Ukumbini walikaa wanawake wengi na madaftari mapya. Mtu aliyepangwa kuigiza mgonjwa hakutokea, na Goodness akachungulia jikoni.

"Wifi, njoo ulale hapa kidogo. Mikono iache tu ilegee."

Akalala kwenye mkeka mbele ya watu, bado ana unga viganjani. Goodness akampigia magoti, akaanza. Alimshika bega kutoka chini, si kwenye mkono. Alimkunja goti, akamgeuza ubavu bila kumvuta, akamwekea mto mgongoni. Hakukosea popote. Apolonia alitambua kila mshiko. Alikuwa ameupapasa kwa miezi, akauonyesha kwa upole, jioni kwa jioni. Hata ule mzaha wake wa neno mvumilivu Goodness aliusimulia. "Nilicheka peke yangu chumbani," aliwaambia, na wanawake wakacheka naye. Apolonia alikuwa akitazama dari. Alikuwa ameambiwa mgonjwa hatikisiki.

Aliporudi Bariadi alimweleza mumewe kila kitu, kwa mara ya kwanza, bila kuficha. Bujiku alisikiliza huku akichokonoa meno.

"Wewe? Kozi ya Ulaya? Si ulitoka shule kabla hujaota akili?"

"Muulize Anatoli. Nilikuwa nashinda kwake."

Bujiku alikuwa mtu wa biashara, alipenda jambo limalizwe. Alimchukua mpaka kibandani. Anatoli alikuwa mezani na rundo la tableti za mradi, mali ya ofisi ya Nyalikungu. Goodness ndiye aliyempatia kazi ya kuzitengeneza. Aliwatazama wote wawili. Akachukua bisibisi, akaiweka, akaichukua tena.

"Kaka Bujiku, mimi ninachokijua, akaunti ilikuwa ya Goodness. Dada alikuwa anakuja kupakua vitu. Nani alisoma, nani hakusoma, mimi sikai vichwani mwa watu."

"Anatoli," Apolonia alisema. "Anatoli, ulikuwa ukinitania udaktari."

"Utani ni utani, dada."

Njiani Bujiku hakumpiga wala kumgombeza. Alimwonea huruma. "Uchungu wa kukosa mtoto unakula akili," alimwambia, akiwa mpole kuliko siku zote. "Usimwonee wivu dada yangu." Ingekuwa heri angempiga.

Apolonia alipofungua simu ile ya kioo kilichopasuka, nenosiri lilikuwa limebadilishwa. Masomo, mitihani, yale maandishi ya mama wa Ufilipino aliyemwita rafiki, vyote vilikuwa upande wa pili wa mlango. Alijaribu kuanza upya kwa jina lake. Kozi ilikuwa imehama. Chuo kilikuwa kimeiweka kwenye zile za kulipia.

Minza alianguka mara ya pili msimu wa vuli mvua zilipoanza. Safari hii pigo lilikuwa zito. Upande uleule ukafa, na sauti ikaenda nayo. Walipomrudisha kutoka hospitali, Bujiku aliwaambia watu wasihofu, alishampigia Goodness.

Goodness alikuja na mwenzake wa ofisini, wakapiga picha, akamnyoosha mama yake viungo kwa siku chache. Kujua alijua. Lakini darasa lilikuwa likimngoja, na shuka zilikuwa zilezile. Akaaga akilia. "Wifi, nakuachia mama," alisema.

Apolonia alimtunza. Hilo lisisahaulike. Alimgeuza kwa saa zake, hakuna kidonda kilichoota. Alimlisha kwa kijiko akiwa ameketi wima asipaliwe. Alimwosha, akamkata kucha, akambadilisha shuka kila zilipochafuka. Wageni waliokuja walimkuta Minza ananukia sabuni, wakamsifu mkwe.

Ila hakumwimbia.

Hakuamua siku moja. Wiki ya kwanza alijiambia mgonjwa amechoka. Wiki ya pili alijiambia ataanza kesho. Baadaye hakujiambia chochote. Hakumkunja goti wala kumfungua vidole, navyo vikajikunja taratibu mpaka kucha zikagusa kiganja. Minza alikuwa akimtazama. Alikuwa na akili zake zote, hilo Apolonia alilijua kwa jicho. Mara nyingine mwanamke yule alifungua kinywa akatoa pumzi, akangoja, kama mtoto anayengoja aanziwe. Apolonia alimfuta mdomo kwa kitambaa safi, akatoka.

Bujiku aliuliza, "Mbona safari hii haongei?"

"Mpigie Goodness," alimjibu.

Minza alikufa pamba ikiwa imeanza kupasuka. Msiba ulijaa. Goodness alisimama kuzungumza kwa niaba ya familia, akasimulia jinsi mama alivyopona mara ya kwanza, na watu wakatikisa vichwa kwa masikitiko kwamba mara ya pili mwanawe alikuwa mbali kikazi. Apolonia alikuwa jikoni na sufuria kubwa za wali. Huko ndiko Goodness alikomfuata, macho yamevimba. Akafunga mlango wa bati nyuma yake.

"Vidole vyake," alisema. "Nimeviosha mimi leo. Vilikuwa vimejikunja hata havifunguki." "Wifi, wewe ulijua kumrudisha. Ni wewe uliyemrudisha mara ile. Kwa nini safari hii hukumrudisha?"

Hakuna mtu mwingine aliyesikia. Nje wanawake walikuwa wakiimba pambio.

Apolonia alikoroga wali mpaka chini, akafunika, akaweka makaa juu ya mfuniko. Alikuwa ameingojea kauli ile kwa muda mrefu, na ilipofika alitafuta moyoni mwake mahali pa kuiweka, asipaone.

"Wewe ndiye mwenye cheti," alisema.

Goodness alisimama pale mpaka moshi ukamfukuza. Kesho yake baada ya kuvunja matanga alirudi Nyalikungu kwenye darasa lake, na wanasema anafundisha vizuri. Apolonia yupo Somanda mpaka leo. Chumba cha mama mkwe Bujiku amekipangisha. Majirani wakipata mgonjwa wa kupooza huja kumwomba awapatie namba ya simu ya wifi yake, naye huwapa.